Kuvu ya Gogo Bovu na Maji ya Kiwanda

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Mtu mmoja asome kwa sauti, polepole. Wengine wafuate kwa macho. Maneno mapya yameelezwa humo humo ndani ya somo. Maswali yako mwisho.



Leo tutazungumza habari ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona, lakini ni wachache waliokitazama vizuri. Kitu chenyewe ni gogo bovu.

Nenda mahali palipolala gogo tangu mvua za mwaka juzi. Libonyeze kwa kidole gumba, kidole kinazama. Limege; ndani utaona nyuzi nyeupe, laini, kama pamba iliyolowa. Siku lilipokatwa, gogo hilo lilibebwa na watu wawili, nao walitoka jasho. Leo mtoto anaweza kuliinua. Je, uzito wake umekwenda wapi?

Wengi watajibu, "Mchwa wamelila." Ni kweli, mchwa hula miti. Lakini gogo huoza hata mahali pasipo na mchwa. Yupo mlaji mwingine, mkimya, asiye na meno. Mlaji huyo ni kuvu. Na kazi ninayotaka kuwaeleza leo ni hii: kuvu ile ile inayoozesha gogo inaweza kusaidia kusafisha maji machafu yatokayo viwandani, hasa viwanda vya kutia nguo rangi. Tutaona inavyofanya, na tutaona pia mahali inaposhindwa. Yote mawili ni lazima tuyajue.

MTI UMEJENGWAJE?

Nyote mnaijua nyumba ya udongo. Kwanza husimamishwa nguzo, kisha fito hufungwa, halafu udongo hukandikwa. Fito peke yake hupitisha upepo. Udongo peke yake huanguka. Vikiwa pamoja, nyumba husimama.

Mti nao umejengwa namna hiyo. Fito za mti ni nyuzi ndogo sana zinazoitwa selulosi. Karatasi mnayoisoma sasa imetengenezwa kwa selulosi, na pamba ya kanga au shuka karibu yote ni selulosi. Udongo wa mti ni kitu kigumu, cha rangi ya hudhurungi, kinachoitwa lignini. Lignini ndiyo inayoushikilia mti usipinde, na ndiyo inayozikinga fito zisiliwe upesi na vijidudu.

Sasa tuitazame kuvu. Kuvu si mmea. Haina majani ya kijani, wala haiwezi kujipikia chakula kwa nguvu za jua. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zinazotambaa ndani ya mti au udongo. Uyoga tunaouchuma ni tunda lake tu, kama embe lilivyo tunda la mwembe.

Kuvu za miti ziko za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hula fito na kuuacha udongo. Mti ulioliwa hivyo hugeuka hudhurungi, hupasuka vipande vya pembe nne, na ukiusugua huwa unga. Huo ni uozo wa hudhurungi. Namna ya pili huvunja udongo wenyewe, yaani lignini. Mti ulioliwa hivyo hubaki mweupe na wenye nyuzi. Huo ni uozo mweupe. Kuvu ya uozo mweupe ndiyo tunayoitaka leo. Mmoja katika ukoo huu mnaujua: ni uyoga ambao wakulima wengi wa Tanzania huuita mamama. Hupandwa juu ya mabua, vumbi la mbao au makapi ya mkonge, nao huliwa na kuuzwa sokoni.

KUVU HULAJE KITU KIGUMU NAMNA HIYO?

Sisi hutia chakula mdomoni kwanza, kisha hukimeng'enya tumboni. Kuvu hufanya kinyume. Hutoa majimaji yake nje, chakula humeng'enywa huko huko nje, kisha kuvu hufyonza kilicho tayari. Vitu vinavyofanya kazi hiyo huitwa vimeng'enya. Hata mate yetu yanavyo. Tafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kumeza, nawe utaona linaanza kuwa tamu. Hiyo ni kazi ya kimeng'enya kilichomo katika mate.

Vimeng'enya vingi ni kama ufunguo na kufuli. Kila ufunguo una kufuli lake. Lakini lignini haina umbo moja. Vipande vyake vimeunganishwa ovyo ovyo, huku hivi na kule vile. Mwenye ufunguo mmoja hawezi kuifungua.

Kwa hiyo kuvu ya uozo mweupe hutumia njia nyingine. Hutengeneza kidogo kidogo dawa iitwayo haidrojeni peroksaidi. Hii ndiyo dawa ambayo huuzwa madukani, hutoa povu ikitiwa juu ya kidonda. Kimeng'enya cha kuvu hupata nguvu kutoka kwa dawa hiyo, kisha huinyang'anya lignini chembe ndogo sana ziitwazo elektroni. Kitu kilichonyang'anywa elektroni hakitulii tena. Huanza kuvunjika chenyewe, hapa na pale. Kazi hii inafanana zaidi na kuchoma kuliko kufungua, ila ni kuchoma kusiko na ndimi za moto. Na moto hauulizi mlango una kufuli la namna gani.

Shikeni neno hilo, maana ndilo lenye siri ya somo letu. Kwa kuwa kuvu hii haichagui kufuli, inaweza kuvunja hata vitu ambavyo si mti.

Jambo hili lilijulikana vizuri mwaka 1983. Mwaka huo Ming Tien na T. Kent Kirk, wataalamu wa maabara ya mazao ya misitu katika mji wa Madison, Marekani, walieleza kimeng'enya kimoja cha namna hiyo. Walikipata katika kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium. Kundi jingine la wataalamu, pamoja na Michael Gold wa jimbo la Oregon, lilifikia jambo hilo hilo mwaka huo huo. Gold na mwenzake Jeffrey Glenn walionyesha pia kwamba kuvu hiyo huondoa rangi zilizotiwa katika maji. Mwaka 1985 wataalamu wakaonyesha maabarani kwamba inaweza kuvunja hata DDT, ile dawa ya kuulia mbu ambayo hukaa udongoni miaka mingi.

RANGI YA KANGA NA MAJI YA MTO

Zamani watu walitia nguo rangi kwa vitu vya shambani na porini: nili kwa buluu, manjano kwa rangi ya manjano, magome ya mikoko kwa wekundu wa udongo. Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa hakuipata. Alipata rangi ya zambarau. Tangu hapo viwanda vikaanza kutengeneza rangi za kila aina, na bei ikashuka, hata mtu wa kipato kidogo akaweza kuvaa nguo ya rangi nzuri.

Fikiri sasa, dada mnunuzi wa kanga, unataka rangi ya namna gani? Unataka isichuje. Uifue kwa sabuni, uianike juani, uivae ukitoka jasho, nayo ibaki vile vile. Mtengenezaji wa rangi hukupa unachotaka. Huunganisha pete za kaboni kwa vifungo imara, zikawa hazivunjiki upesi. Pete za namna hiyo zimo pia ndani ya lignini.

Lakini si rangi yote inayoshika nguo. Katika baadhi ya rangi za pamba, sehemu 10 mpaka 50 katika kila 100 hazishiki. Huondoka na maji ya kuoshea. Na rangi isiyochuja juani haitachuja mtoni. Sifa uliyoilipia dukani ndiyo inayogeuka kuwa taabu majini.

Taabu gani? Kwanza, maji yenye rangi huzuia mwanga wa jua, na mimea ya chini ya maji hudhoofika. Pili, zipo rangi nyingi ziitwazo rangi za azo. Hizi zikizama katika tope lisilo na hewa, bakteria huzikata katikati. Rangi hupotea, lakini vipande vinavyobaki huweza kuwa sumu, na baadhi yake huleta kansa. Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alieleza habari za uvimbe katika vibofu vya mkojo vya wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye ilithibitishwa kwamba vitu fulani vilivyotumika kutengenezea rangi, kama benzidini, huleta kansa ya kibofu.

Mnaokaa Dar es Salaam mnaujua mto Msimbazi. Umepita katikati ya jiji mpaka baharini. Umepokea maji machafu ya viwanda na ya majumbani kwa miaka mingi, na katika bonde lake watu wamelima mchicha na matembele ya kuuza. Kwa hiyo swali la rangi majini si la wataalamu peke yao. Ni swali la mboga iliyomo sufuriani.

KUVU IKIPELEKWA KAZINI

Sasa tuiajiri kuvu yetu. Mfanyakazi yeyote anahitaji nyumba, chakula na hali ya hewa inayomfaa. Kuvu nayo ni hivyo hivyo.

Jambo la kwanza ni nyumba. Kuvu haipendi kuelea. Hupenda kushika kitu. Wataalamu wameikuza juu ya vipande vya mbao, juu ya sponji, na hata juu ya dodoki, lile lile tunalosugulia mwili. Dodoki lina matundu mengi. Nyuzi za kuvu hujifunga humo, na maji hupita katikati yake. Hupangwa ndani ya pipa refu, na maji ya rangi hupitishwa polepole.

Jambo la pili ni chakula. Rangi peke yake haiishibishi kuvu. Inaivunja kama mtu anavyovunja ganda ili apate kokwa. Na ndani ya rangi hakuna kokwa. Kwa hiyo ni lazima ipewe sukari kidogo au iwekwe juu ya mti wenyewe.

Jambo la tatu ni hewa. Kuchoma kokote kunataka hewa. Pipa lisilopulizwa hewa halifanyi kazi.

Jambo la nne ni hali ya maji. Kuvu nyingi za namna hii hupenda maji yenye uchachu kidogo. Maji ya kiwanda cha nguo mara nyingi ni moto, yana chumvi na magadi. Ni lazima yapozwe na kupunguzwa magadi kwanza, la sivyo mfanyakazi atakufa siku ya kwanza.

Kazi hii imejaribiwa pia kwetu. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden, pamoja na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa taarifa ya majaribio ya kuvu za uozo mweupe. Hawakujaribu maji ya rangi yaliyochanganywa maabarani peke yake. Walijaribu pia maji halisi ya kiwanda cha nguo. Mwaka 2008 Godliver Mtui wa chuo hicho na Yoshitoshi Nakamura wa Japani walieleza vimeng'enya vya kuvu iitwayo Flavodon flavus, iliyopatikana katika bahari ya Hindi mbele ya pwani ya Dar es Salaam.

Na ng'ambo ya pili ya bahari hiyo hiyo, wataalamu wa Goa, India, waliipata Flavodon flavus katika majani ya baharini yaliyokuwa yakioza. Mwaka 2001 walieleza jinsi ilivyopunguza rangi nyeusi ya maji machafu ya kiwanda kinachotengeneza spiriti kwa molasi, yaani masalio ya sukari ya miwa. Kwa nini waitafute baharini? Kwa sababu kuvu iliyozoea chumvi ya bahari haiogopi chumvi ya kiwandani.

MAMBO AMBAYO KUVU HAIWEZI

Ndugu wanafunzi, hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi. Habari njema ikisemwa nusu huwa uongo.

Kwanza, kuvu haifanyi haraka. Kazi ya pipa huhesabiwa kwa saa nyingi au kwa siku, na kiwanda kikubwa humwaga maji mengi kila saa. Pili, maabarani chombo huchemshwa ili vijidudu vingine vife. Kiwandani haiwezekani kuchemsha mto mzima wa maji. Bakteria huingia, hula ile sukari, na kuvu hubaki na njaa. Tatu, kuvu ikistawi sana hujaa ndani ya pipa na kuziba njia ya maji. Kwa sababu hizo, njia hii imefaulu mara nyingi katika mapipa ya majaribio, lakini ni viwanda vichache vinavyoitegemea. Vingi bado hutumia mabwawa, shabu na dawa nyingine za kutuamisha uchafu, pamoja na bakteria. Kuvu inafaa zaidi kusaidiana na njia hizo, ipewe yale maji machache yaliyo mabaya kuliko yote, kabla hayajachanganywa na mengine.

Nne, kuvu haiangamizi madini. Kromi ya kiwanda cha ngozi, risasi na zebaki hazivunjiki. Kuvu inaweza kuyanasa madini hayo mwilini mwake, lakini yatakuwa yamehama tu, kutoka majini mpaka ndani ya kuvu. Kwa hiyo kuvu iliyofanya kazi katika maji ya kiwanda ni taka, tena taka ya kutupwa kwa uangalifu. Isilishwe kuku, isitiwe shambani kama mbolea. Na uyoga ukichipua hapo, hata kama ni mamama mweupe wa kupendeza, usiuchume.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: maji kung'aa si kuwa safi. Tumeona bakteria wa tope wanavyoweza kuondoa rangi wakaacha sumu. Kuvu ya uozo mweupe ina sifa nzuri hapa, kwa sababu huendelea kuvunja na zile pete zenyewe. Lakini hata yenyewe huweza kuacha vipande njiani. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu hasemi, "Tazameni, rangi imekwisha." Huyapima maji tena. Huweka humo wadudu wadogo wa majini aone kama wanaishi. Huotesha mbegu aone kama zinachipua. Jicho la mtu peke yake si kipimo.

SISI TUFANYE NINI?

Huenda mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, mimi sina kiwanda. Habari hii yanihusu nini?" Yakuhusu kwa njia tatu.

Ikiwa wewe ni mkulima wa mboga, usimwagilie kwa maji yaliyotoka kiwandani, yawe na rangi au yasiwe nayo, mpaka yapimwe. Kuosha mchicha kwa maji safi ni vizuri, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

Ikiwa wewe ni mmoja wa akina mama au vijana wanaotengeneza batiki, pima rangi yako kwa kijiko, usikadirie kwa macho. Tumia rangi ile ile kwa vitambaa viwili au vitatu kabla ya kumwaga. Vaa mipira ya mikono. Usimwage maji ya rangi karibu na kisima wala katika mfereji unaokwenda mtoni. Gramu ya rangi isiyopotea ni fedha iliyobaki mfukoni, wala haihitaji kuvu ya kuisafisha.

Na sisi sote ni raia. Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nayo inataka maji ya viwanda yafikie viwango kabla ya kumwagwa. Mkiona mfereji unaobadilika rangi kila siku, andikeni siku, saa na rangi mliyoiona, mkapeleke habari hiyo katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ninyi mmekwisha kujua kuandika. Barua moja yenye tarehe ina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja atafute kipande cha mti uliooza, akilete darasani. Vitazameni pamoja: kipi ni cha uozo mweupe, na kipi ni cha uozo wa hudhurungi? Mkimaliza, naweni mikono kwa sabuni.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka tutakapokutana tena.

MASWALI

1. Katika mfano wa nyumba ya udongo, fito ni nini na udongo ni nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya uozo mweupe na uozo wa hudhurungi?
3. Kwa nini rangi isiyochuja katika kanga huleta taabu ikifika mtoni?
4. Taja mambo manne ambayo kuvu huhitaji ili ifanye kazi.
5. Kwa nini uyoga ulioota katika maji ya kiwanda usiliwe?
6. Mtu anakuambia, "Maji haya ni safi, hayana rangi." Utamjibu nini? Andika jibu lako kwa sentensi tatu.